Mbegu Aliyotoka Nayo Makete

Mimi nilikuwa sinunui mbegu ya viazi. Miaka yote niliyolima hapa Kichiwa sikuwahi kuingia duka la pembejeo kuuliza habari hiyo, na wale waliokuwa wanabadilisha mbegu kila mwaka, leo nyeupe, kesho ile ya njano iliyosifiwa redioni, nilikuwa nawacheka mbele ya macho yao. Nilikuwa na kiazi changu chekundu. Macho yake yamezama ndani, nyama yake ya njano, na ukikichemsha kinapasuka ganda chenyewe kabla hujakigusa. Mama yangu, Elina, alitoka nacho Makete siku alipoolewa na baba huku kwa Wabena. Kijiji kizima kilikuwa kinakiita "cha Elina", hata watoto ambao hawakuwahi kumwona huyo Elina mwenyewe.

Upande wa mama tuna desturi moja. Binti akiolewa, mama yake anampa kapu la mbegu. Si zawadi ya kupelekwa ukumbini ikatangazwa kwenye kipaza sauti pamoja na makochi na majiko ya gesi. Asubuhi ya kuondoka, kabla gari halijapiga honi, mama anamwita binti ghalani na kumtwisha kapu kwa mikono yake mwenyewe. Viazi vinakuwa vya ukubwa wa yai la kuku, vimeshachipua, na binti hatakiwi kuvipika hata kama atalala njaa. Mama alimtwisha hivyo dada yangu, akanitwisha na mimi. Mimi nilijaliwa binti mmoja tu, Priska, na baba yake, Sila, alifariki Priska akiwa darasa la pili. Kwa hiyo kapu langu lilikuwa moja, na nililingoja miaka mingi.

Sasa niwaeleze tunavyochagua mbegu, maana hapo ndipo penye kosa. Vikubwa tunavipeleka Makambako kwenye malori. Vya kati tunakula. Vidogo vinapanda kwenye kichanja ghalani, tunavifunika nyasi na kuvipaka majivu mpaka vichipue. Irine, afisa ugani wetu, binti mdogo aliyemaliza chuo juzi tu, alikuja akatuambia kwamba tunafanya kinyume. Alisema kiazi kidogo mara nyingi kimetoka kwenye mche mgonjwa, kwa hiyo sisi kila mwaka tunauza wazima na kupanda wagonjwa. Tulimsikiliza kwa heshima, tukampigia makofi, tukarudi nyumbani kufanya kama siku zote.

Simsemi vibaya Irine. Alikuwa anajua kufundisha. Siku moja kikundi chetu cha akina mama tumekaa nyuma ya kanisa, Priska yuko pembeni yangu, akatuuliza mbegu ya kiazi ni ipi. Tukacheka. Akasema mbegu ya kweli imo kwenye vile vitunda vya kijani vinavyotokea baada ya maua, na hiyo ina baba na mama, ukiipanda hujui utavuna kitu gani. Lakini kiazi tunachofukia si mbegu, ni kipande cha shina kilichonenepa chini ya ardhi.

"Kiazi hakizai mtoto," akasema. "Ukikipanda kinaendelea kuwa kilekile."

Akasema migomba nayo ni hivyohivyo, na mianzi yetu tunayoigema pombe ya ulanzi, tunang'oa chipukizi pembeni ya shina tukidhani tumepata mpya, kumbe ni yuleyule wa zamani. Kisha akachuma jani la kabichi lililojaa vidukari, akalizungusha tulione. Hao nao, akasema, ni majike matupu, wanazaa majike wenzao bila kuona dume, na kila mmoja ni mama yake mzimamzima. Nikamwambia basi hao wadudu wametuzidi akili. Wanawake walicheka mpaka mchungaji akachungulia dirishani.

Nilicheka pamoja nao, lakini lile neno la kilekile liliniingia. Jioni niliingia ghalani nikachukua kiazi kimoja nikakishika. Mama alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Nikawaza kwamba kumbe ninachokishika ndicho alichokishika yeye akiteremka kutoka Makete, si mtoto wake wala mjukuu wake, bali chenyewe. Nikalia kidogo, nisifiche. Nikaona kama nimerudishiwa mtu.

Wiki iliyofuata Irine alitufundisha habari ya mnyauko, na Priska alikuwepo pia. Mche unanyauka majani yakiwa bado ya kijani, unalegea mchana kama uliokosa maji wakati mvua imenyesha jana yake. Ukitaka kuwa na hakika, unakata kipande cha shina karibu na ardhi, unakishikilia kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina kama maziwa, basi ni wenyewe. Hauna dawa. Na kwa kuwa kiazi ni kilekile, alichougua mama ndicho atakachougua aliyetoka kwake. Kiazi kinaweza kung'aa kwa uzima na ugonjwa kimeubeba ndani. Huku kwetu kwenye baridi unaweza kujilaza usionekane, lakini ukikipeleka penye joto kidogo unaamka. Ukishaingia kwenye udongo, shamba hilo usilipande viazi kwa miaka.

Mwezi wa pili, mwaka aliochumbiwa Priska, niliona miche sita imelegea kwenye tuta la juu.

Ilikuwa saa saba mchana na udongo bado una unyevu wa mvua ya asubuhi. Nilisimama pale nikitafuta sababu nyingine. Mwishowe nikakata shina moja, nikalificha kwenye upande wa kitenge, nikaenda nalo jikoni. Priska alikuwa ameenda Njombe mjini kwa fundi wa gauni la harusi. Nikamimina maji kwenye glasi, nikashikilia lile shina, nikahesabu kimoyomoyo. Sikufika hata mia. Uzi ukashuka, mweupe, mwembamba, wa pili ukafuata, na maji yakaanza kubadilika rangi chini ya glasi.

Nilimwaga. Nikaosha glasi mara tatu. Nikarudi shambani, nikang'oa miche yote sita pamoja na viazi vyake, nikaichoma moto nyuma ya choo. Priska aliporudi aliyaona matundu sita kwenye tuta, akaniuliza. Nikamwambia ni fuko. Akasema fuko wa mwaka huu wana mpangilio. Nikamwambia aende akabandike maji ya ugali.

Harusi ilikuwa mwezi wa sita. Nilijua nikimwambia Irine atasema nisitoe hata kiazi kimoja nje ya uzio wangu. Ningempa nini mwanangu? Mbegu ya dukani kwenye gunia lenye maandishi, kama mtu asiye na kwao? Niliwaza hivyo, na nikajipa maneno mengine mazuri zaidi. Kwamba nimeng'oa wagonjwa, waliobaki ni wazima. Kwamba Irine ni mtoto, vitabu vyake vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kushika jembe. Kwamba mama yangu asingeweza kuniletea ugonjwa. Hilo la mwisho ndilo nililishikilia sana, ingawa kwa akili zangu nilijua kwamba mama hahusiki, maji ya mvua yanaweza kuuleta kutoka shamba la jirani au kwenye jembe la kuazima. Nilijua. Msije mkasema kwamba yule mama alikuwa hajui.

Nikamtwisha kapu.

Efraimu, aliyemwoa, alikuwa kijana mtaratibu, fundi wa kujenga na mkulima. Kwao ni nje kidogo ya Makambako, na baba yake, Mzee Elius, alikuwa amewapa eka tatu za udongo mwekundu unaopasuka vizuri, pale ambapo jua ni kali kuliko kwetu. Mama mkwe, Beatrisi, alimpokea binti yangu kwa vigelegele, na alipoambiwa kapu lile lina nini alilipokea yeye mwenyewe kwa magoti. Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikala pilau.

Mvua za kwanza Priska akapanda. Akanipigia simu kuniambia vimeota vyote, hakuna hata kimoja kilichokataa, na watu wanasimama barabarani kuvitazama. Mwezi wa pili akapiga tena. Akasema baadhi ya miche inanyauka mchana, majani yakiwa mabichi. Aliongea polepole, kama mtu anayeweka vyombo mezani asivigonge.

Nikamwambia ni jua la huko, amwambie mumewe apandishie udongo.

Nilisikia kuku wa Beatrisi kwenye simu. Kisha akasema, "Sawa, mama," tukaongea habari za kwaya.

Msimu wa pili nusu ya shamba ililala. Walikuwa wamechagua mbegu humohumo, vidogo kama nilivyomfundisha, na Mzee Elius kwa kukipenda kile kiazi alikuwa amewagawia ndugu zake wawili, mmoja Shadrack wa upande wa reli, mwingine mbali zaidi. Msimu wa tatu hawakuvuna cha kuweka kwenye chungu. Ukikikata kiazi kilikuwa na duara la kahawia ndani, na udongo umegandia kwenye macho yake kama tongo. Kwa Shadrack ikawa vilevile, na kwa yule mwingine pia.

Ndipo maneno yakaanza. Beatrisi si mtu mbaya, nasema haki yake, lakini aliona kila kilichopita kwenye mikono ya mkwewe kimeoza, akasema binti ana mkono mbaya. Siku ya kupanda mahindi wakamwambia abaki nyumbani apike, asiguse mbegu. Priska akapika. Siku ya maharage, vivyo hivyo. Mtoto niliyemlea matutani, aliyekuwa akipanda tuta moja wakati wenzake bado wanashika viuno, akawa anasimama mlangoni na mwiko akiwatazama wenzake wanapanda. Habari hiyo nilipewa na jirani wa huko, Priska mwenyewe hakuniambia. Kila nikimpigia, hajambo, wote wazima, Mungu mwema.

Efraimu akaondoka kwenda Liganga. Alikuwa amesikia kwamba machimbo ya chuma yatahitaji mafundi, akasema anatangulia, akipata pa kukaa atamwita mkewe. Mwanzoni alikuwa anapiga kila Jumapili. Baadaye mara moja kwa mwezi. Baadaye tukawa tunasikia kwa watu kwamba ameonekana, ni mzima, anajenga jengo la mtu.

Mimi huku kwangu nilikuwa napanda kidogokidogo kwenye kona moja ya juu, nikinusurika kwa baridi, na miche ikilegea naing'oa kabla jua halijapanda watu wasione. Nilikuwa nimekonda. Watu walidhani ni kisukari.

Mwaka huu baada ya Pasaka Mzee Elius alinipigia mwenyewe. Alisema kuna kikao cha familia, mzee wa kanisa atakuwepo, na mimi kama mzazi naombwa nifike, ni habari ya Priska. Sikuuliza zaidi. Nilijua wanataka kunirudishia mwanangu kwa sababu ya mkono mbaya, na mkono ule nilikuwa nimemvika mimi. Usiku ule nilipiga moyo konde. Nitasema. Nitapiga magoti mbele yao, nitachukua aibu yote, yeye atabaki kwenye ndoa yake amesafika. Nilijiona kama nakwenda kulipa. Nilijiona hata mwema kidogo, Mungu anisamehe.

Tulikaa sebuleni. Mzee Elius, Beatrisi, Shadrack, na mzee wa kanisa aitwaye Vitus, ameweka Biblia magotini. Simu ya Mzee Elius ilikuwa mezani imefunguliwa sauti, Efraimu yuko upande wa pili huko Liganga, anasikiliza. Priska alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Aliponiamkia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono ilikuwa laini. Binti yangu mkulima, mikono laini. Hapo nikashindwa kungoja.

Vitus alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kuomba. Nikasema naomba niseme kabla ya sala, kwa sababu nikikaa naweza kughairi. Wakaniruhusu. Nikateremka kwenye kochi, nikapiga magoti sakafuni, nikasema yote. Miche sita, glasi, uzi mweupe, moto nyuma ya choo. Nikasema kapu nililitoa nikijua. Nikasema mkono wa huyu mtoto hauna kasoro, shamba lenu limeuawa na mimi, na mashamba ya ndugu zenu pia, kwa sababu kiazi kile popote kinapokwenda ni kilekile.

Beatrisi alikuwa anatazama miguu yake. Shadrack alisimama akaenda dirishani, akasimama ametupa mgongo. Mzee Elius hakunikemea. Alinishika bega akaniinua, akanirudisha kwenye kiti, akasema imempasa mtu kuwa na moyo kusema jambo la namna hiyo. Nikaanza kupumua. Kisha akageuka mlangoni.

"Na wewe, mwanangu," akamwuliza Priska, "ulikuwa unajua?"

Nilitaka kumjibia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema atajuaje, yeye ni mtoto tu, alipokea alichopewa. Lakini nilimtazama, nikaona anavyoupapasa ukingo wa mkeka kwa kidole, taratibu, akiufuata mstari wake, na nikakumbuka ile simu ya mwezi wa pili na kuku wa Beatrisi. Moyo ukaniambia kabla yake.

"Nilijua, baba," Priska akasema. "Toka msimu wa kwanza. Nilikata shina nikaliweka kwenye maji."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kuweka vyombo. Alisema alipoona uzi ule aliyakumbuka yale matundu kwenye tuta la nyumbani, akaelewa. Akanipigia ili nimwambie. Niliposema ni jua, akaona kwamba sitaki kusema, na yeye hakuwa na ubavu wa kunivua nguo mbele ya wakwe. Akawa anangoja nije mwenyewe. Walipochagua mbegu ya msimu wa pili alinyamaza. Baba mkwe alipowagawia ndugu zake alishika gunia upande mmoja wakati linafungwa, akanyamaza. Walipomwambia ana mkono mbaya, aliona ni afadhali iwe hivyo.

Mzee Elius alivua kofia yake. Alionekana mzee ghafla, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Priska, tulikuita hapa ili tumwombee huyu mtoto. Tulikuwa tumekubaliana akae, asiende popote, mume wake arudi waanze upya. Mkono mbaya tungeuombea. Hili si la mkono. Huyu alitutazama tukiwapelekea ndugu zetu, akashika na gunia."

Shadrack, bila kugeuka, alisema kwamba ana watoto watano.

Ndipo tukakumbuka simu. Ilikuwa bado inawaka pale mezani. Beatrisi akaiinamia, akaita, "Efraimu, umesikia?" Kulikuwa na kelele za nyundo kwa mbali, mtu anagonga bati. Tukasikia pumzi. Kisha akasema, si kwa hasira, kwamba yeye aliondoka nyumbani akiamini Mungu amemkataa kwenye ardhi ya baba yake, na kumbe kila usiku mke wake alikuwa amelala pembeni yake akijua kwamba si Mungu. Akamwita Priska kwa jina, mara moja. Simu ikakatika. Mpaka leo hatujui kama ni mtandao au ni yeye, lakini tulipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nilikuwa nimekwenda kumwokoa. Kama ningesema kabla ya harusi angeondoka na kapu tupu, aibu ya siku moja. Kama ningenyamaza hadi mwisho, wangemwombea wakamwacha akae. Nilikwenda kusema siku ile moja ambayo kusema kwangu kulimmaliza. Sitaki mtu anifariji kwa hilo, wameshajaribu.

Tuliondoka naye jioni ileile na begi moja. Beatrisi alitusindikiza mpaka kituoni akiwa amembebea Priska mto, na walipoagana wote wawili walilia, kwa sababu walikuwa wanapendana. Ndani ya gari tulikaa kiti kimoja hadi Kichiwa. Nilikuwa namtazama kwa pembeni. Watu siku zote walisema amemchukua baba yake, pua ile, mwendo ule. Nikaona siku hiyo kwamba walikosea. Nilichoficha mimi, alikificha na yeye. Mahali nilipofunga mdomo mimi, naye alifunga palepale, na wala sikumfundisha kwa maneno. Hakuna alichochanganya na cha Sila, ambaye alikuwa mtu wa kusema kila kitu mpaka anachosha. Niliona aibu kuliko nilivyoona mbele ya wakwe.

Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta mlango wa ghala uko wazi. Priska alikuwa ameshusha kichanja chote. Viazi vyekundu vilikuwa uani kwenye turubai, mbegu ya msimu ujao, vimechipua vidogovidogo, na yeye amekaa kwenye kigoda anavunja machipukizi kwa kidole gumba na kuviosha kwenye beseni. Sufuria kubwa la misibani lilikuwa mafigani na moto umeshakolea. Sikumwuliza. Nikachukua kigoda changu nikakaa upande wa pili wa beseni, nikaanza kuvunja pia.

Tulipika sufuria la kwanza, tukapeleka kwa majirani. Tulipika la pili. Mama mmoja alipita akauliza kuna sherehe gani, nikamwambia hakuna sherehe, viazi vina ugonjwa, ni salama kula lakini asithubutu kuzika hata ganda shambani kwake. Alinishangaa. Nilisema kwa sauti, na aliyefuata nikamwambia hivyohivyo. Irine nilikuwa nimeshampigia, alikuwa njiani anakuja kuona ile kona ya juu.

Nilikula viwili. Vilikuwa vitamu kama siku zote, vimepasuka ganda. Hilo liliniuma sana, sijui kwa nini nilitegemea viwe vimebadilika ladha.

Saa nane hivi turubai likawa tupu, likabaki na udongo na machipukizi yaliyovunjika. Priska alikuwa anakusanya ili akayachome, akakuta kimoja kimejificha kwenye pindo. Kilikuwa kizuri, mviringo, ukubwa wa yai, na chipukizi lake moja nene la zambarau. Alikigeuza mkononi. Akanitazama.

Niliuelewa ule mtazamo. Alikuwa ananingoja, kama alivyoningoja miaka yote ile. Na mimi ndani ya kifua changu nilikuwa na maneno tayari. Kimoja tu. Tukipande kwenye ndoo, mbali na shamba, huenda hiki hakikupata. Mama alikibeba kapuni akatembea nacho siku tatu kutoka Makete. Nilimwona kabisa, miguu yake, vumbi lake.

"Tia sufuriani," nikamwambia.

Akakitia. Maji ya moto yaliruka yakamchoma kidole, akakiweka mdomoni kama mtoto, na hapo ndipo akaanza kulia, kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu baba yake afariki. Nikamvuta tukakaa chini uani, nikalia naye, tukiwa tumeshikana hivyo mpaka maji yakakauka sufuriani.